Jinsia moja au mchanganyiko: wastani peke yake unadanganya

Kwa aliyeuliza kama shule za wasichana watupu au wavulana watupu hufaulisha kuliko za mchanganyiko: ukiangalia wastani wa mtihani wa mwisho tu, mara nyingi utaona ndiyo. Ila nyingi kati ya hizo huchuja wanafunzi tangu mlangoni. Anza na alama walizoingia nazo, kisha pima wamepanda kiasi gani. Hapo pengo kwa kawaida hupungua sana.

Halafu linganisha wasichana na wasichana, wavulana na wavulana, somo kwa somo. Hesabu pia wangapi walioandikishwa walifika chumba cha mtihani, maana shule inayowakaririsha darasa au kuwaondoa wanaosuasua hujipamba bure. Na kama watahiniwa ni 40, wawili tu wakianguka ufaulu unashuka kwa asilimia 5, kwa hiyo chukua matokeo ya miaka 3 hadi 5.

Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 184, zenye wanafunzi wapatao milioni 1.6 katika nchi 21, ulikuta kwamba zile zilizozingatia tofauti walizokuwa nazo wanafunzi tangu mwanzo zilionyesha faida ndogo mno ya shule za jinsia moja, au hakuna kabisa. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ni kesi ya pekee: huko wanafunzi walipangiwa shule kwa kura, na bado shule za jinsia moja zilionekana kuwa na alama za juu zaidi. Wabishi wa pande zote mbili huchagua utafiti unaowafaa.