Kwa Unayeanza Kusoma Watu wa Ghana: Dodoso Kwanza, Jedwali Baadaye

Mwenzangu unayefunga begi kwenda Legon, kilipo Chuo Kikuu cha Ghana, kusomea idadi ya watu, au uliyebaki Dar, Nairobi au Kampala na umechagua Ghana iwe mada ya tasnifu yako, nakuandikia nikiwa nimeshaipita njia hiyo. Taasisi ya kikanda ya masomo ya idadi ya watu iliyopo Chuo Kikuu cha Ghana ilianzishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, na wanafunzi wa kwetu Afrika Mashariki wamekuwa wakienda huko. Nilikwenda nami, Mtanzania, na ninayokuambia hapa ndiyo niliyotamani mtu aniambie wiki ya kwanza.

Jedwali la kwanza utakalokutana nalo ni la makabila. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 30,832,019. Kati ya raia wa Ghana, Waakan walikuwa asilimia 45.7, kundi la Mole-Dagbani 18.5, Waewe 12.8, Waga-Dangme 7.1, Wagurma 6.4, Waguan 3.2, Wagrusi 2.7 na Wamande 2.0. Yakariri, utayahitaji kila wiki. Ila usiandike hata aya moja juu yake kabla hujafungua dodoso lenyewe ukaona swali liliulizwaje, liliulizwa kwa nani, na majibu yaliwekwa kwenye visanduku vilivyotungwa na nani. Mimi sikufanya hivyo, nikapoteza muhula mzima.

Nianze na neno "raia", maana hapo ndipo wengi wanateleza. Swali la kabila lilihusu Waghana tu. Mhausa aliyekuja kutoka Niger, mfanyabiashara wa Nigeria, Mtogo aliyelala Ghana usiku wa sensa, wote wamo ndani ya milioni 30.8 lakini hawamo kwenye zile asilimia. Ukichukua 45.7 ukaizidisha kwa jumla ya watu wote, umekosea tayari. Kosa ni dogo, lakini msimamizi wako ataliona, na akishaliona ataanza kutilia shaka hata yale uliyoyapatia.

Halafu visanduku vyenyewe. Hutakutana Ghana na mtu atakayekuambia, "Mimi ni Mmole-Dagbani." Atakuambia ni Mdagomba, Mmamprusi, Mdagaaba, Mfrafra, Mkusasi. Jina la kundi limetoka kwa wanaisimu waliopanga lugha zinazofanana pamoja. Kwa kazi ya lugha ni mpango mzuri. Kwa kazi ya kuelewa watu wanaishije na wanagombania nini, unaweza kukupofusha. Angalia Bawku, kaskazini mashariki kabisa ya nchi. Ugomvi wa uchifu wa pale, uliokatisha maisha ya watu kwa miaka mingi, ni kati ya Wakusasi na Wamamprusi, na kwenye jedwali la taifa wote wawili wamo katika kisanduku kimoja cha Mole-Dagbani. Mwanafunzi anayetafuta uhusiano kati ya mchanganyiko wa makabila na migogoro kwa kutumia makundi makubwa ataandika kwamba Bawku haina mchanganyiko mkubwa. Nimeisoma rasimu iliyosema hivyo. Hesabu ilikuwa safi, na hitimisho lilikuwa uongo mtupu.

Kusini mambo ni hayo hayo. Ndani ya "Waakan" wamo Waasante, Wafante, Waakyem, Waakuapem, Wakwahu, Wabono, Wanzema na wengine. Waasante na Wafante walipigana vita zaidi ya mara moja katika karne ya 19. Leo wanaoana na kuchekana kwa jinsi wanavyotamka maneno, lakini ukimwita Mfante "Mwasante" utaona uso unavyobadilika. Kwa hiyo unapoomba data, omba ile ya makundi madogo. Ipo. Inachosha kuisafisha, lakini kazi ndiyo hiyo.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, na ambalo vitabu vya mbinu havikunifundisha. Waakan hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa *abusua* ya mama yake, na mjomba, ndugu wa kiume wa mama, ana uzito ambao kwa wengi wetu baba ndiye anao. Waewe na Wadagomba hufuata upande wa baba. Chukua mwanamke wa Kiasante aliyeolewa na mwanamume wa Kiewe. Mtoto wao ni Mwasante kwa wajomba zake, na ni Mewe kwa baba zake. Pande zote mbili zinamdai. Geuza ndoa: baba Mwasante, mama Mewe. Waasante watasema mtoto ni wa kwa mama yake, Waewe watasema ni wa kwa baba yake. Kwa kanuni, mtoto huyo hana upande. Katika maisha ya kila siku ana kwao, tena ana mapenzi tele kutoka pande mbili, na familia hulimaliza jambo hilo kwa mazungumzo.

Lakini karani wa sensa ana nafasi ya jibu moja. Na mara nyingi anayemjibu ni mkuu wa kaya, anayesema kwa niaba ya wote waliolala humo. Akijibu baba, huenda watoto wakaandikwa kabila moja. Akijibu mama, lingine. Rafiki yangu mmoja wa darasani alikuwa mtoto wa ndoa ya namna hiyo, na aliniambia kwamba yeye na dada yake, waliozaliwa na mama mmoja na baba mmoja, waliandikwa makabila mawili tofauti kwa sababu siku hiyo walikuwa nyumba mbili tofauti. Nilipomsikia nilifunga kompyuta nikatoka kutembea. Nilikuwa nikizichukulia zile asilimia kama vipimo vya maabara, kumbe kila nambari ilikuwa mazungumzo ya mlangoni.

Kutoka hapo nikajifunza kuuliza vizuri. Sisi Watanzania tuna shida ya peke yetu hapa. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na tumekua tukijua kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni kukosa adabu. Mkenya ataona ajabu, maana kwao sensa bado inauliza. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nikilikwepa swali, nazunguka, hadi wasaidizi wangu wa utafiti wakaona nina jambo ninaficha. Ghana hulikwepi, ila una njia nzuri ya kuliingia: uliza kwao ni wapi. Si alikozaliwa, kwao. Mtu aliyezaliwa Accra, na baba yake kazaliwa Accra, atakuambia bila kusita kwamba kwao ni mji fulani wa Kwahu, na ndiko mazishi ya ukoo yanafanyika. Kiswahili kinalo neno hilo tayari, na ukishalishika, "kwenu wapi?" itakufungulia mlango ambao "kabila lako nani?" ingeufunga.

Usikisie kabila kwa jina. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona wasaidizi wenyeji kabisa wakijaza fomu kwa kukisia ili wamalize mapema. Kofi ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa, na jina hilo liko kwa Waakan na liko kwa Waewe. Mensah, jina la mtoto wa kiume wa tatu, utalikuta kwa Waakan, Waewe na Waga. Mfante anaweza kuwa na jina la ukoo la Kiingereza tangu enzi za babu wa babu yake. Wala usikisie kwa lugha. Kitwi, lugha ya Waakan, kinasemwa na mamilioni ya watu ambao si Waakan, kwa kuwa ndicho cha sokoni na cha ndani ya trotro, zile daladala zao. Accra ni ardhi ya Waga, na Waga ndio wanaotangaza mwezi wa kunyamazisha ngoma kabla ya sikukuu ya Homowo, lakini katika mkoa wa Greater Accra Waakan ni wengi kuliko Waga-Dangme. Anayesikia Kitwi pale sokoni Makola na kuandika kwamba mji ni wa Waakan hajakosea hesabu, amekosea adabu.

Kosa langu kubwa lilikuwa Nima. Huo ni mtaa wa *zongo* ndani ya Accra, na zongo ni neno la Kihausa la mahali wanapofikia wasafiri. Siku hizi ni mitaa ya Waislamu wengi wenye asili ya kaskazini na ya nchi jirani, na kila mji mkubwa wa kusini unayo. Nilikwenda na dodoso nililolitengeneza kwa kunakili yale makundi makubwa ya sensa. Mzee mmoja alinikaribisha barazani. Babu yake alishuka na biashara ya mbegu za kola kutoka nchi ambayo leo ni Niger, mama yake alikuwa Mdagomba, yeye kazaliwa hapo hapo, nyumbani wanasema Kihausa, na majirani Kiga, sokoni Kitwi. Nikamuuliza kabila. Akaniambia, "Andika Zongo." Nikamwambia Zongo haimo. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama karatasi yangu ina nafasi ya pembeni. Haikuwa nayo. Nilizitupa fomu zile, nikatengeneza nyingine zenye mstari mtupu, nikaanza upya. Weka mstari mtupu kwenye dodoso lako tangu siku ya kwanza.

Kuhusu miaka, usilinganishe sensa mbili bila kujua nini kilitokea katikati. Novemba 1969 serikali ya Waziri Mkuu Busia iliwapa wageni wasio na kibali wiki mbili, na watu wengi sana, wakiwemo Wayoruba waliokuwa wameshika biashara ndogondogo hadi vijijini, wakaondoka. Sensa ilifanyika Machi 1970, chini ya miezi minne baadaye. Mwaka 1983 Nigeria nayo iliwafukuza Waghana, wakarudi na yale mabegi ya mistari ambayo hadi leo Afrika Magharibi yanaitwa kwa jina la kuwafukuza. Sensa iliyofuata ni ya Machi 1984. Kwa hiyo sensa mbili mfululizo zilipigwa nchi ikiwa imetoka tu kutikisika, moja kwa kutoa watu, nyingine kwa kuwapokea. Ukichora mstari kutoka milioni 6.7 za 1960 hadi milioni 12.3 za 1984 na kuuita "ongezeko la asili", umewafuta watu hao wote.

Mikoa nayo ilibadilika. Ilikuwa 10, ikawa 16 mwaka 2019. Volta ilikuwa na watu milioni 2.1 mwaka 2010 na milioni 1.66 mwaka 2021, na kuna mtu kila mwaka anayeandika kwamba Volta imehamwa. Haijahamwa, imezaa mkoa mpya wa Oti. Western, Brong-Ahafo na Northern ziligawanywa pia. Rudi kwenye wilaya, uzijumlishe upya kwa mipaka ya zamani.

Neno moja juu ya asilimia zinazoshuka, kwa sababu zinawasha moto mitandaoni. Waakan walikuwa 49.1 mwaka 2000, 47.5 mwaka 2010, na 45.7 mwaka 2021. Utasikia wanapungua. Hawapungui: kati ya 2010 na 2021 waliongezeka kwa zaidi ya watu milioni mbili. Wengine, hasa wa kaskazini ambako akina mama bado wanazaa watoto wengi zaidi, waliongezeka kwa kasi zaidi. Ukiandika "sehemu yao imepungua" badala ya "wamepungua", umemlinda msomaji asiogope jambo lisilokuwepo. Mwaka 1994 ugomvi ulioanzia sokoni juu ya kanga, ndege yule wa madoadoa, uligeuka vita kati ya Wakonkomba na majirani zao Wananumba na Wadagomba, na watu wengi waliuawa. Chanzo cha kweli kilikuwa ardhi na uchifu. Watu waliopita humo husoma nambari zako kwa macho mengine kabisa, nawe uwaandikie ukilijua hilo.

Usije ukadhani ni ugomvi mtupu, lakini. Wadagaaba na Wafrafra wana utani kama wa Wachaga na Wapare. Wanatupiana maneno juu ya kichwa cha mbwa, nani akile, na msibani mtani anaruhusiwa kufanya vituko ambavyo hakuna mwingine angethubutu. Niliupata huo nikiwa kwenye basi la kwenda mji wa Wa, abiria wawili wasiojuana wakarushiana matusi kwa saa nzima, wakashuka wakiwa wamekumbatiana. Nililia kidogo kwa kukumbuka nyumbani. Na hao wote wawili, kwenye jedwali, ni Mole-Dagbani.

Kazi yako ya wiki ya kwanza basi ni hii. Pakua dodoso la 2021 na lile la 2010, uyachapishe kwenye karatasi. Makarani wa 2021 walitumia vishikwambi, kama wetu mwaka uliofuata, kwa hiyo tafuta na mwongozo wao, maana ndio unaoeleza nini kifanyike mtu akitaja kabila lisilo kwenye orodha. Uusome na mwenyeji pembeni, mnunulie waakye ya asubuhi, ule wali wao wa maharage, na kila mnapofika kwenye kisanduku umuulize yeye angejibu nini, na mama yake angejibu nini.