Goti baada ya upasuaji wa ligamenti: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zinahusu ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, ile ambayo wapenzi wa soka wanaiita ACL. Ikikatika kabisa, kwa kawaida daktari haishoni. Huchukua ukano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) kutoka kwingine, nyuma ya paja, chini ya pia ya goti au juu yake, akaupitisha katika matundu aliyotoboa kwenye mfupa wa paja na wa muundi. Mgonjwa basi anatoka na majeraha mawili: goti lenyewe, na pale ukano ulipochukuliwa. Hofu nyingi mlizotuandikia zinatokana na kutojua ni lipi kati ya hayo linalouma.

Nimepasuliwa jana mchana. Usiku nililala vizuri kabisa, lakini alfajiri maumivu yamenivamia hadi nikatoka machozi. Nikishusha mguu kitandani unapwita kama unataka kupasuka. Je, kuna kitu kimekatika?

Pole sana ndugu yetu. Hakuna kilichokatika, ganzi imeisha. Sindano ya ganzi inayopigwa kwenye mshipa wa fahamu wa paja hudumu saa 12 hadi 24, na mara nyingi huisha usiku wa manane, wakati mtu hajameza dawa yoyote kwa kuwa alijiona mzima. Dawa ya kwanza humezwa kabla ganzi haijaisha, na zinazofuata humezwa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu. Yakishapanda, kuyashusha ni kazi.

Parasetamoli ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, kwa mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kilo 50 au zaidi. Soma pakiti za dawa zako nyingine, maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani na watu huimeza mara mbili bila kujua. Ibuprofeni na diklofenaki zisiongezwe bila ruhusa ya daktari wako, hasa kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kama umepewa tramadoli, dawa kali ya maumivu, huenda ikakufunga choo: kunywa maji ya kutosha na omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Kupwita kunatokana na damu inayoteremka kwa ghafla kwenye mguu uliovimba. Kabla ya kushusha mguu, chezesha kifundo juu na chini mara 20, kaza paja mara kadhaa, kisha ukae kitako dakika 2 ndipo usimame. Maumivu huwa makali zaidi siku ya 2 na ya 3, halafu huanza kulegea.

Barafu huwekwa dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 ukiwa macho, ikiwa imezungushiwa kitambaa. Mguu ukiwa bado na ganzi kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ngozi isiyohisi haitakuambia kwamba inaungua kwa baridi.

Sasa ni wiki ya 3. Naweza kukunja goti vizuri lakini halinyooki mpaka mwisho. Usiku naweka mto chini ya goti, ndipo napata usingizi. Mtaalamu wa fiziotherapia amenikaripia. Kosa langu ni nini?

Kosa ni huo mto, na tunaomba uuondoe leo. Goti lenye maji ndani hupenda kukaa limekunjwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nafasi ya ndani inakuwa kubwa na shinikizo linapungua. Ndiyo maana unaona raha. Lakini wakati unalala hivyo, kovu linajaza ile nafasi ya mbele ambayo goti huihitaji ili lifunge likinyooka. Kukunja kukichelewa, mara nyingi hurudi polepole. Kunyooka kukipotea wiki za mwanzo ni vigumu kukurudisha, na hata upungufu wa digrii 5 unatosha kukufanya uchechemee na kuumwa mbele ya goti kila unapotembea.

Fanya hivi. Lala chali, weka taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino, si chini ya goti, ili shavu la mguu na paja vining'inie bila kugusa kitanda. Acha goti lishuke lenyewe kwa dakika 10, mara 4 au 5 kwa siku. Dakika ya 3 au ya 4 nyuma ya goti patavuta na kuuma. Huo ndio mvuto tunaoutaka, na unaisha ukiondoa taulo. Ukiwa hapo, kaza msuli wa mbele wa paja kana kwamba unagandamiza goti kitandani, shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10. Tazama pia ya goti: msuli ukifanya kazi, pia inapanda kidogo kuelekea kwenye paja. Isipopanda, msuli bado umelala. Goti likiwa na maji, hata kiasi kidogo cha vijiko viwili vya mezani, ubongo huuzimisha msuli huo. Kwa hiyo barafu na kuinua mguu ni sehemu ya mazoezi yako, si starehe.

Baadaye ongeza zoezi la kulala kifudifudi, magoti yakiwa nje kidogo ya ukingo wa kitanda, miguu ining'inie dakika 5. Hapo pia una kipimo: mtu akutazame kutoka nyuma na alinganishe visigino. Kila sentimita 1 ambayo kisigino cha mguu uliopasuliwa kiko juu zaidi ni kama digrii 1 ya kunyooka unayoikosa. Andika namba hiyo kila wiki, umpelekee mtaalamu wako.

Usiache magongo mpaka uweze kuinua mguu ukiwa umenyooka bila goti kulegea, na kutembea bila kuchechemea. Kwenye ngazi, unapopanda mguu mzima hutangulia. Unapoteremka hutangulia uliopasuliwa. Kama ulishonwa pia gegedu ya goti, fuata masharti ya daktari wako kuhusu uzito na kukunja, kwani wengi hukataza kupita digrii 90 kwa wiki 4 hadi 6.

Ikifika wiki ya 6 hadi ya 8 bado hujanyooka, na ukilazimisha unahisi kitu kinagonga au kubana kwa mbele, acha kulazimisha. Huenda kuna kinundu cha kovu mbele ya ukano mpya. Mazoezi hayakiondoi, daktari hukitoa kwa kamera ndogo, na goti huanza kunyooka tena.

Ukano wangu ulitoka nyuma ya paja. Wiki ya 4 niliinama kuvaa soksi, nikasikia "pa!" nyuma ya paja na maumivu makali. Nimeharibu upasuaji?

Yaelekea hapana, dada. Mahali ulipochukuliwa ukano panajijenga kwa kovu, na kovu hilo changa huweza kuchanika mtu akiinama goti likiwa limenyooka. Weka barafu, rudi kwenye magongo siku chache, na usifanye zoezi la kukunja goti dhidi ya uzito kabla ya wiki ya 6 hadi ya 8. Kinachotenganisha hili na balaa ni goti lenyewe: likivimba ndani ya saa chache au likianza kukuchomoka unaposimama, mwone daktari wako upesi.

Ile sehemu ya ngozi iliyokufa ganzi pembeni ya kovu, upande wa nje, uliyouliza pia, ni tawi dogo la mshipa wa fahamu lililoguswa wakati wa kuchana. Eneo hilo hupungua kwa miezi, ingawa kipande kidogo huweza kubaki daima. Halidhuru nguvu ya mguu.

Kijana wangu ana siku ya 9 tangu apasuliwe. Shavu la mguu limevimba, ni gumu na la moto. Anasema ni uchovu wa mazoezi. Nimwamini?

Mama, usimwamini, na mpeleke hospitali leo. Damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa, na kipimo chake ni picha ya mawimbi ya sauti, si kupapasa. Msimkande wala kumchua. Akianza kuhema kwa shida, kifua kikimchoma anapovuta pumzi au akikohoa damu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Damu iliyovilia chini ya ngozi na kuteremka kwenye muundi hadi kifundo ni jambo la kawaida. Lakini homa ya kupita digrii 38, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au kidonda kinachovuja baada ya siku za mwanzo, huashiria maambukizi ndani ya goti. Hapo msikubali kupewa vidonge tu: maji ya goti lazima yavutwe kwa sindano yapimwe kwanza, na maambukizi yakithibitika, goti huoshwa.

Nina miezi 5, siumwi popote, nakimbia. Kocha ananihitaji. Nirudi uwanjani?

Bado. Tunajua inavyouma kukaa pembeni, lakini kutoumwa si kipimo, kwa kuwa ukano mpya unaweza kuwa dhaifu bila kukuuma. Ulipohamishwa ulikatiwa damu, seli zake zikafa, na mwili unaujenga upya. Kwenye wiki ya 6 hadi ya 12 huwa dhaifu kuliko siku ulipowekwa, na ujenzi huendelea zaidi ya mwaka. Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu aliousubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu.

Kwa hiyo ni miezi 9 kwa uchache, na nguvu ya paja lililopasuliwa ifike angalau asilimia 90 ya jingine, vivyo hivyo kuruka kwa mguu mmoja. Jipime nyumbani: kaa kwenye kiti, inuka kwa mguu mmoja bila kushika kitu, hesabu mara ngapi kila upande unaweza. Tofauti utakayoiona ndiyo kazi yako ya miezi 4 ijayo. Baada ya kila zoezi jipya, tazama goti kesho yake asubuhi: likiwa limevimba kuliko jana, punguza mzigo mpaka uvimbe ushuke, ndipo uongeze tena.