Jeli ni mafuta: ushauri kwa anayeanza kutengeneza mishumaa ya mapambo

Wengi wanaoniuliza habari za mishumaa ya jeli huanzia kwenye mapambo. Wanataka kujua samaki wa kioo anakaaje katikati ya glasi bila kuzama, ile bluu ya bahari inapatikanaje, mchanga unawekwa lini. Maswali hayo yana majibu, na mengine nitayagusa. Ila lipo jambo moja ambalo ukilishika tangu mwanzo, nusu ya maswali yako yatajijibu yenyewe: jeli ya mshumaa ni mafuta. Si nta iliyolainishwa, wala haina undugu na jeli ya kula. Ni mafuta ya madini, yale mafuta angavu yasiyo na harufu yanayotokana na mafuta ghafi, yaliyogandishwa kwa polima kidogo. Kwa kawaida mafuta huwa asilimia 90 au zaidi, na polima ni hicho kidogo kinachobaki. Polima inayashika mafuta yasitiririke, basi. Yakipata moto yanayeyuka, yakizidishiwa moto yanawaka.

Kwa kuwa ni mafuta, hayapatani na maji. Rangi ya chakula ni ya maji, kwa hiyo itashuka chini ya sufuria na kukaa kule kama matone, ukoroge usikoroge. Kalamu za nta za watoto nazo usizikate ukatia humo: rangi yake ni ya chembechembe, na chembe hizo huziba utambi hadi mwali unadhoofika na kufa. Tafuta rangi ya mishumaa inayoyeyuka kwenye mafuta, kisha uwe na mkono mwepesi. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi, ikoroge kwenye jeli, tazama. Glasi nzima mara nyingi haihitaji zaidi ya hapo. Anayeanza humimina tone zima, jeli inakuwa nzito kwa rangi, na mapambo aliyohangaika kuyapanga hayaonekani tena.

Utakutana pia na maelekezo yanayosambaa ya kutengeneza "jeli" kwa jelatini ya kupikia, gliserini na tanini. Mimi siyafundishi. Mchanganyiko ule una maji ndani yake, kwa hiyo utambi hutatarika, na gliserini ikiunguzwa kupita kiasi hutoa akroleini, mvuke unaochoma macho na koo. Nunua jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Ilianza kuenea sokoni miaka ya 1990, na huuzwa kwa uzito wa aina tatu: nyepesi, ya kati na nzito. Nyepesi haibebi mapambo vizuri, yanazama. Nzito inabeba mapambo na manukato mengi zaidi, ila inamiminika kwa uzito na kushika hewa. Anza na ya kati.

Sasa moto, na hapa nitakaa kidogo.

Watu waliotoka kwenye mishumaa ya nta wamezoea kuyeyushia kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji yanayochemka. Kwa nta ni njia nzuri. Kwa jeli inakwama, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 100 na kilichomo bakulini hakifiki hata hapo, ilhali jeli ya kati inataka kufanyiwa kazi kati ya nyuzi 90 na 105 hivi. Utasubiri na kusubiri, na muda wote huo mvuke unapanda na kurudi ndani ya jeli kama unyevu. Tumia sufuria yenye kitako kizito, kavu kabisa, juu ya jiko la umeme au moto mdogo sana, na kipimajoto kilichobanwa ubavuni, ncha yake isiguse kitako. Bila kipimajoto usianze. Macho hayawezi kukuambia kama jeli iko kwenye 95 au 130; kote huko inaonekana angavu vilevile.

Ikate jeli vipande vidogo kabla ya kuiweka jikoni. Mwanzo italegea na kuvutika, ikishikana na mwiko, na utadhani haitayeyuka kamwe. Usiongeze moto kwa pupa. Koroga taratibu, mwiko ukiwa umezama, usipande na kushuka, maana kila unapovunja uso wa jeli unaingiza hewa ambayo baadaye utaitafutia dawa. Ikifika 95 na kutiririka kama sharubati, punguza moto. Mimi sivuki 110. Ikianza kutoa moshi, zima jiko, usiwe na haraka, iache ipoe.

Weka mfuniko wa sufuria karibu na mkono wako kabla hujawasha chochote. Sufuria ikishika moto, zima jiko na ufunike. Usiisogeze, usiimwagie maji. Maji yakianguka kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta hayo kila upande. Usiondoke jikoni jeli ikiwa motoni, hata kwenda kupokea simu.

Utambi ndio moyo wa kazi, na ndipo ninapoona watu wakibania fedha. Tambi nyingi zinazouzwa zimepakwa nta ya parafini ili zisimame. Ukiutia utambi huo kwenye jeli ya moto, nta inayeyuka na kuacha wingu jeupe kuuzunguka, na kwenye kitu kinachoonekana hadi ndani kama hiki, wingu hilo ndilo jicho litakaloliona kwanza. Tafuta utambi usiopakwa nta, wenye uzi wa zinki ndani unaoufanya usimame wima. Hakikisha kweli ni zinki. Zamani baadhi ya nyuzi hizo zilikuwa za madini ya risasi, na Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003 kwa sababu ya moshi wake. Ukiwa na shaka, chubua kipande, usugue uzi wake kwenye karatasi nyeupe. Risasi huacha mstari wa kijivu kama wa penseli.

Kabla ya kuusimamisha utambi kwenye glasi, uzamishe kwenye jeli iliyoyeyuka. Utaona viputo vidogo vikichomoza kati ya nyuzi za pamba na kupanda kwa msururu, vingi mwanzoni, kisha kimoja kimoja. Hiyo ni hewa na unyevu vinatoka. Subiri hadi viputo viishe kabisa, ndipo uutoe kwa kibanio na kuunyoosha ukiwa bado wa moto. Ukiiruka hatua hii, viputo vyote hivyo vitatokea ndani ya mshumaa wako, vikijipanga kando ya utambi, na ukiwashwa utatatarika.

Kuhusu unene, jeli inataka utambi mnene kuliko ule ambao ungeutumia kwenye nta kwa glasi ya upana uleule. Hakuna jedwali litakalokupa jibu la uhakika, kwa kuwa rangi na manukato hubadilisha uwakaji. Tengeneza glasi mbili tatu zisizo na mapambo, kila moja na utambi wake, uziwashe uone. Mwali unaosinyaa na kuzama una maana utambi ni mwembamba au rangi imezidi. Mwali mrefu unaocheza na kutoa masizi, utambi ni mnene au hukuupunguza. Uache ukiwa na urefu wa milimita 6 tu juu ya jeli. Ukitatarika, kuna unyevu mahali.

Manukato yana mtego wake. Yawe yanayoyeyuka kwenye mafuta ya madini, na joto lake la kushika moto lisiwe chini ya nyuzi 77. Namba hiyo muulize muuzaji. Asiyeijua, usinunue kwake manukato ya jeli, hata yawe yananukia namna gani. Kisha jipimie mwenyewe nyumbani: changanya sehemu 1 ya manukato na sehemu 3 za mafuta ya madini kwenye kichupa cha kioo, tikisa, acha yatulie. Yakibaki angavu, yanafaa. Yakiwa na ukungu au yakijitenga tabaka, hayafai kwa jeli. Si suala la urembo tu: manukato yaliyojitenga yanaweza kukusanyika sehemu moja na kuwaka kwa ghafla. Kwa jeli ya kati, asilimia 3 inatosha. Glasi ya mililita 200 inachukua takriban gramu 170 za jeli, kwa hiyo manukato ni gramu 5 hivi. Pima kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa, na yatie mwishoni, moto ukiwa umeshapunguzwa.

Glasi iwe nene, mdomo wake usiwe mwembamba kuliko tumbo, isiwe na ufa hata wa unywele. Pitisha kidole ukingoni na uishike mbele ya taa kabla ya kuitumia. Glasi za shina refu za mvinyo zinapendeza kwenye picha, ila nyingi ni nyembamba na hupasuka zikipata joto, na kinachomwagika hapo ni mafuta ya moto. Upana usipungue sentimita 5, na ukianza chagua pana zaidi.

Haya, mapambo. Kanuni ni moja, nayo inatoka palepale tulipoanzia: usiweke ndani ya mafuta kitu kinachoweza kuwaka. Maua makavu, vijiti, maganda ya matunda, plastiki, karatasi za kumetameta, vyote hivyo viache, hata kama umeviona kwenye picha mia. Mwali ukishuka ukavifikia, unakuwa na tambi nyingi badala ya moja. Kioo, kokoto, kauri za baharini, vigae na metali vinafaa, vikikaa mbali na utambi, angalau sentimita 2, vikiegemea ukuta wa glasi. Huko ukutani ndiko vinakoonekana vizuri hata hivyo.

Kauri na makombe yana hewa iliyojificha kwenye mizunguko yake. Yaoshe, yaanike hadi yakauke kabisa ndani, kisha ujaze jeli ya moto kwa kijiko kidogo kwenye kila tundu na kuyaacha yateme hewa kabla ya kuyapanga. Usipofanya hivyo kombe moja litakuwa linapandisha viputo jeli ikiwa inaganda, na viputo vya mwisho vitakwama njiani. Mchanga una tabia hiyohiyo. Weka safu nyembamba ya mchanga mkavu, mimina juu yake jeli kiasi cha kuufunika tu, ngoja ishike, ndipo uendelee. Kibati cha utambi, yaani kile kisahani cha bati kinachoushika utambi chini, kiwe na shingo ndefu kidogo, ili mwali ujizime kabla ya kufika mchangani. Kibandike kwa jeli au gundi inayostahimili joto. Ile gundi ya moto ya kawaida hulegea, na utambi unaanza kuelea.

Na yule samaki? Mimina jeli hadi nusu, ngoja ipoe kiasi cha kumbeba lakini iwe bado laini juu, mchovye samaki kwenye jeli ya moto ili asiingie na hewa, mweke, kisha umimine tabaka la pili. Jeli iliyo moto huyeyusha kidogo uso wa ile ya chini na zinashikana bila mstari. Ila usipoteze muda kwa tabaka za rangi tofauti. Siku ya kwanza zinapendeza, baadaye rangi husafiri ndani ya mafuta na kuchanganyikana. Bluu juu ya njano itakupa kijani upende usipende.

Viputo vichache havidhuru, na kwenye mandhari ya bahari mimi huviacha makusudi. Ukivitaka vipungue, pasha glasi kwenye oveni hadi nyuzi 65 hivi kabla ya kumimina, mimina polepole ukiegemeza kwenye ukuta wa ndani, usidondoshe kutoka juu. Vikibaki, rudisha mshumaa kwenye oveni iliyotulia kwenye nyuzi 80 kwa saa moja, juu ya trei, halafu upoe humohumo. Kama umeweka mapambo ya nta, njia hii sahau, yatayeyuka.

Unayempa mshumaa mwambie asiuwashe zaidi ya saa mbili au tatu mfululizo, asiuache peke yake, na auzime jeli ikibaki sentimita 1.5 hivi chini. Azime kwa kuufunika kwa kitu kisichoungua, si kwa maji wala kwa kupuliza kwa nguvu.

Mabaki hayatupwi. Jeli inayeyushwa tena bila kuharibika, mradi umeyatoa masizi na vipande vya utambi. Mimi huyahifadhi kwenye chupa pana yenye kifuniko, zenye rangi mbali na zisizo na rangi. Sufuria ifute kwa karatasi ikiwa bado na vuguvugu, ukimaliza ndipo uioshe kwa sabuni. Usimwage hata kidogo kwenye sinki. Itapita bombani ikiwa ya moto na kugandia mbele huko usikoweza kufikia.