Sarafu ya twiga ya 1974: usilipe hata senti kabla haijakaa kwenye mizani

Mkuu, usitume hiyo pesa! Sarafu ya shilingi 25 yenye twiga, "KM 7a, prufu, ipo kitabuni" (prufu, yaani ile iliyopigwa maalum kwa wakusanyaji, inang'aa kama kioo), na jamaa kakutumia picha ya ukurasa wa katalogi, bei kaizungushia kalamu nyekundu? Mimi hiyo hiyo niliinunua kwa laki tano na nusu.

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu za hifadhi ya wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25, faru kwenye 50, na duma kwenye ile ya dhahabu ya 1,500. Hizo mbili za mwanzo ni za madini ya fedha, zina matoleo mawili mawili, mchoro uleule. Twiga wa kawaida ni fedha asilimia 50, uzito gramu 25 na ushee. Wa prufu ni asilimia 92.5, gramu 28.28. Kwenye katalogi ya Krause na Mishler, ndiyo hiyo KM yenyewe, wa kawaida ni 7 na wa prufu ni 7a. Kaherufi kamoja tu! Maana yake mchoro ni ule, madini mengine. Sasa piga hesabu: 7a ina fedha safi gramu 26, 7 haifiki hata 13. Mimi kaherufi nilikaona kabisa, nikadhani ni mambo ya wachapaji. Na nina digrii, msiniulize ya nini.

Dalali alinifungulia kitambaa cheusi taratibu kama anafunua maiti. Sarafu inang'aa mpaka naona meno yangu. "Mzee wangu, kitabu hakidanganyi." Kweli hakikudanganya, ila mstari alionionyesha haukuwa wa sarafu ile! Nikalipa, nikarudi nyumbani naimba.

Usiku nikaiwashia tochi ya simu, nikaiinamisha kidogo. Mikwaruzo myembamba, inazunguka, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Ameisugua ya kawaida ifanane na prufu! Nikaiweka kwenye mizani ya keki ya mke wangu: 25. Nikaitoa, nikairudisha. 25. Mke akaniuliza napima hamira ya nini saa sita usiku, nikamwambia alale.

Kwa hiyo sikukosa prufu tu. Hata hiyo 7 niliyobaki nayo wakusanyaji hawaitaki, imeshasuguliwa. Wa mwisho niliyempelekea alitaka kunilipa kwa uzito wa fedha, na hapo kwanza alicheka. Nilipompigia yule mwizi akaniambia kila mkusanyaji huanzia hapo, nimshukuru kwa somo. Somo! Ada laki tano na nusu, na hata daftari sikupewa.

Nunua mizani ndogo ya sonara, ile inayosoma desimali mbili. Tembea nayo mfukoni. Muuzaji awe sheikh, awe padri, awe mjomba wako, sarafu ipande pale mbele ya macho yako kabla hujagusa pochi. Isome 28 na ushee. Ikisoma 25, mshukuru kwa chai uondoke. Akikwambia mizani inaharibu sarafu, ondoka hata chai usimalize.

Uliuliza ununue katalogi ipi. Ya Krause unayohitaji ni buku la 1901 hadi 2000, zito kama tofali, ila Numista iko bure kwenye intaneti na uzito wa kila sarafu umeandikwa humo. Uzito ndio usome, bei baadaye. Na zile hela za Mjerumani za babu yako, usizisafishe. Nimeshakwambia habari ya sufuria.

Tuma picha ya huyo twiga akiwa juu ya mizani, namba zionekane. Halafu niambie, huyo jamaa anakuita "mzee wangu" kila baada ya maneno matatu?