Ritifaa ya ng'ombe ndani ya XSLT

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika faili la XSLT la kugeuza orodha ya mifugo ya ushirika wetu kutoka XML kuwa HTML. Sharti la mbuzi na la kondoo yanafanya kazi vizuri, lakini nilipoandika

<xsl:if test="aina = 'ng'ombe'">

programu ilikataa ikisema kuna kosa la sarufi. Nikaiandika ritifaa (alama ya ') kwa &apos; na kosa likabaki lile lile. Tatizo liko wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, sharti lako husomwa mara mbili. Kwanza hupita kwenye kisomaji cha XML, ambacho hugeuza &apos; kuwa ritifaa halisi na &quot; kuwa alama ya nukuu; kisha thamani iliyokwisha kugeuzwa ndiyo hukabidhiwa XPath, lugha ya kuandikia masharti ndani ya XSLT. Kwa hiyo XPath haikuiona kabisa &apos; uliyoiandika: iliona 'ng'ombe', ikahesabu kwamba maneno yamefungwa baada ya ng, na kipande cha ombe' kikabaki hakina mahali. Alama zinazoanza kwa & hulinda mipaka ya atributi (hapa ni test) tu, wala hazilindi mipaka ya maneno yaliyomo ndani ya XPath.

Tumia ufahamu huo huo kwa faida yako, yaani zungushia neno alama ya nukuu badala ya ritifaa:

<xsl:if test="aina = &quot;ng'ombe&quot;">

Neno likijirudia mara nyingi, mimi hupendelea kuliweka kwenye kigeu, kwa kuwa maandishi yaliyomo ndani ya elementi hayahitaji kuzungushiwa chochote na faili husomeka kwa urahisi zaidi:

<xsl:variable name="mnyama">ng'ombe</xsl:variable>

Baada ya hapo sharti huwa test="aina = $mnyama".

Ugumu wa kweli huja pale maneno yanapobeba alama zote mbili, kwa sababu XPath 1.0, iliyotolewa mwaka 1999, haina njia yoyote ya kuingiza ndani ya maneno alama ile ile inayoyafunga. Hapo ama utumie kigeu, ama uunganishe vipande kwa concat, kila kipande kikifungwa kwa alama isiyokuwamo ndani yake:

concat('&quot;ng', &quot;'&quot;, 'ombe&quot;')

XPath 2.0 ya mwaka 2007 iliondoa adha hiyo kwa kuruhusu alama irudiwe mara mbili, hivyo 'ng''ombe' ni sahihi. Kati ya programu za kuendesha XSLT, Saxon inaielewa sarufi hii, lakini xsltproc hutekeleza XSLT 1.0 peke yake na itaikataa. Chunguza kwanza unatumia programu ipi.

Liko jambo jingine ambalo halitoi kosa lolote, na kwa sababu hiyo linanitia wasiwasi zaidi. Orodha zilizochapwa kwenye programu za uandishi mara nyingi huwa na ritifaa iliyopinda (’), ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa na ritifaa iliyonyooka ('). Sharti litapita bila malalamiko, ila ng'ombe walioandikwa hivyo hawatatokea kwenye ukurasa wako. Nyoosha ritifaa kabla ya kulinganisha:

<xsl:if test="translate(aina, '’', &quot;'&quot;) = $mnyama">