Uliniuliza bei ya jeso

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasarani aliniandikia akitaka nimwelekeze duka la jeso ya bei nafuu hapa Nairobi. Anasema ana hamu ya kuanza daftari la sanaa, lile la kupaka rangi na kubandika picha, karatasi na vitambaa, ila "hana vifaa". Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Huyo ni mimi wa mwaka wa 2019.

Mwaka huo nilikuwa na kazi mjini na mshahara uliokuwa ukiingia tarehe 28. Nikamtuma binamu yangu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza aniletee kitabu cha karatasi nene, brashi tano na mkebe wa jeso, ile rangi nyeupe nzito inayotangulia ukurasani ili rangi nyingine zisinywewe na karatasi. Pesa nilizompa karibu zifike kodi ya nyumba. Kitabu kilipofika nikakifungua, nikakinusa, nikakifunga. Miezi minane! Kila jioni nilikitazama nikajiambia kesho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe kupita kiasi, niliogopa kuuharibu.

Halafu ikaja 2020. Tukaambiwa twende nyumbani "kwa muda kidogo". Muda huo haujaisha hadi leo, na simu zangu hazikupokelewa tena. Sitaki kusema mengi.

Nilihamia Umoja, nikafungua kibanda cha mboga na sukari ya kupima. Biashara ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Kilichobaki ni kaunta buku ya madeni, nusu imejaa majina na hesabu: sukari robo, unga pakiti moja, mama wa nyumba ya nne, mafuta ya 50. Usiku mmoja stima ilipotea. Nikawasha mshumaa, nikachukua rangi nyeupe ya ukutani iliyoachwa na fundi, nikapaka juu ya deni la yule mama. Rangi haikufunika vizuri. Tarakimu zilionekana kwa mbali, kama mtu anayekuchungulia nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipoanza, na sijaacha.

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hili: nunua rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka kuta. Haitakuwa na mshiko sawa na jeso, lakini kwa daftari la nyumbani inatosha. Paka nyembamba, mara mbili, uiache ikauke kabisa katikati. Gundi ni ile nyeupe ya mafundi wa mbao. Ichanganye na maji kidogo tu, kwa sababu ni maji yanayokunja karatasi. Ukurasa ukishakauka, ufunge ndani ya kitabu na uweke juu yake pakiti mbili za unga hadi asubuhi. Na kabla ya yote, kata kurasa: katika kila tatu toa moja, la sivyo daftari likijaa vitambaa halitafungika, litabaki limepanua mdomo kama kiboko. Vitambaa mwombe fundi wa nguo wa mtaani. Vipande vyake vya kitenge huwa anavitupa.

Makosa nimeyafanya yote, usiyarudie. Nilibandika risiti ya supamaketi, ile ya mshahara wangu wa mwisho, nikapitisha pasi ili inyooke. Ikageuka nyeusi yote. Risiti hizo huchapwa kwa joto, hazina wino, na hata usipozichoma zitafifia zenyewe. Siku hizi napiga fotokopi kwanza. Picha pia, fotokopi. Picha ya marehemu baba niliichapa saiba kwa printa ya wino wa maji, nilipoipaka gundi uso wake ukatiririka. Nilikaa siku mbili bila kuligusa daftari. Kurasa zikigandana, zisugue kwa mshumaa, lakini iwe mwisho kabisa, maana juu ya nta hakuna rangi wala gundi inayoshika.

Mwaka uliofuata nililipeleka daftari langu mahali fulani mjini panapoonyesha kazi za sanaa. Bwana mmoja alilifungua kwa vidole viwili, kama anayeshika samaki aliyelala, akaniuliza, "Hii ni ya mtoto wako?" Nilirudi na matatu ya Umoja nikilia kimya kimya. Nakumbuka shati lake hadi leo.

Mwezi jana nimelipwa kuwafundisha watu kumi na mmoja kutengeneza madaftari kama hilo. Kumi na mmoja! Natamani yule bwana angepita.

Nisikilizeni, nyinyi mnaongoja vifaa. Dan Eldon alikulia hapa hapa Nairobi. Alijaza madaftari kwa picha, rangi na makaratasi ya kila aina, na aliuawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993, akiwa mpiga picha wa habari wa miaka 22. Angengoja atulie, apate ajira nzuri kwanza, tungeona nini? Nyumba zetu zimejaa karatasi: pakiti za unga, kalenda za mwaka jana, gazeti la kufungia nyama. (Gazeti litageuka manjano, liacheni ligeuke.) Haribuni ukurasa wa kwanza leo. Mwageni chai juu yake kama mnaogopa sana. Mimi humwaga.

Na wewe wa Kasarani, ukinunua jeso hata baada ya maneno yote haya, sitakasirika. Mkebe wangu ulikaukia ndani, hata kisu hakiingii. Kitabu cha Uingereza kipo juu ya kabati, cheupe vilevile. Na mama wa nyumba ya nne hajalipa yale mafuta.