Sosi ya nyanya kwenye chupa, kwa wa huku juu

Dada uliyeuliza kwa nini vifuniko vya sosi yako vimevimba: usiionje hata kwa ncha ya kijiko. Ifukie yote, kuku wasiifikie.

Mara ijayo, kila chupa ya nusu lita itie kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya dukani. Limau la kukamua ukali wake hubadilikabadilika, na nyanya iliyoiva sana asidi yake imeshapungua. Kitunguu saumu na mafuta subiri siku ya kupika.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi: hapa Mbeya maji hutokota kwenye nyuzi kama 94 tu, si 100. Zile dakika 35 za kuchemsha chupa zinazotajwa kwenye maelekezo ni za watu wa pwani. Iringa na Mbeya mjini chemsha chupa zilizofungwa, zimezama kabisa, dakika 45 tangu maji yatokote, Njombe 50. Juu ya sosi acha nafasi ya sentimita moja na kidogo, na vifuniko viwe vipya.

Zikipoa, bonyeza kifuniko katikati. Kikilia "tik", hiyo iende friji, uitumie mapema.